Maumivu ya Nyonga na Kinena Yasiyotokana na Kusagika kwa Kiungo: Mazoezi Yanayotibu, na Wakati Yasipopaswa Kutolewa

Mtu akiumwa kinena katika mazingira yetu, jina la ugonjwa hupatikana kabla ya uchunguzi. Mwanamume huambiwa ana ngiri. Mwanamke huambiwa ni chango. Kijana hupapaswa kidogo, akaambiwa ni mtoki. Aliyevuka miaka 40 huambiwa mifupa imeanza kusagika. Kila jina kati ya hayo lina ugonjwa wake wa kweli, wala makala haya hayakusudii kuwakejeli wanaoyatumia. Hata hivyo, lipo kundi kubwa la wagonjwa ambao hawana ngiri, hawana tezi zilizovimba, hawana tatizo la uzazi, na picha ya eksirei ya nyonga zao inaonesha nafasi ya kutosha kati ya mfupa na mfupa. Hawa huzunguka kwa miezi, na wengine kwa miaka, kutoka duka la dawa hadi zahanati, na kutoka zahanati hadi kwa muuza mizizi. Wakiambiwa na daktari kwamba picha yao ni safi, hurudi nyumbani na maumivu yaleyale, pamoja na shaka mpya kwamba huenda wanadhaniwa wanajifanya.

Makala haya yanawahusu hao. Yanawalenga wahudumu wa afya wanaowapokea katika zahanati na vituo vya afya, pamoja na wagonjwa wenyewe, kwa kuwa sehemu kubwa ya tiba tutakayoieleza hufanywa na mgonjwa kwa mikono na miguu yake. Hoja yetu ni kwamba kwa wengi wao tiba ya msingi ni mazoezi yanayoongezwa uzito hatua kwa hatua, yakisimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia kwa muda unaokaribia miezi 3. Mapumziko marefu, kukandwa na sindano havichukui nafasi hiyo. Lakini hoja hii ina sharti lisilokwepeka: magonjwa machache yasiyovumilia mazoezi lazima yawe yametafutwa na kuondolewa kwanza.

Kiungo na majirani zake

Wengi wakitaja nyonga huonesha ubavu wa kiuno au kalio. Kiungo chenyewe kiko mbele zaidi na ndani zaidi kuliko wanavyodhani. Kichwa cha mfupa wa paja, chenye umbo la mpira, hukaa ndani ya kikombe kilicho katika fupanyonga; ukingo wa kikombe hicho umezungukwa na pete ya gegedu inayokishika kichwa kisichopoke na kuyazuia majimaji ya kiungo yasivuje. Kwa sababu ya mahali kilipo, kiungo hiki kikiumwa, maumivu huhisiwa kinenani, na mara nyingine hushuka mbele ya paja hadi gotini. Mgonjwa akiombwa aoneshe panapouma, mara nyingi huushika ubavu wa nyonga kwa kiganja, kidole gumba kikiwa nyuma na vidole vingine vikielekea kinenani, mkono ukafanya umbo la herufi C. Ishara hiyo pekee inatosha kumfanya mhudumu apime nyonga.

Kinena hata hivyo ni njia panda. Hapo hukutana misuli ya ndani ya paja, msuli mrefu unaokunja nyonga, misuli ya tumbo, mfupa wa kinena na mfereji ambamo ngiri hupita. Kwa miaka mingi kila daktari wa michezo alikuwa na jina lake kwa maumivu ya eneo hilo, hata ikawa vigumu kulinganisha tafiti mbili. Novemba 2014 wataalamu walikutana Doha, nchini Qatar, wakakubaliana kuyagawa maumivu ya kinena ya wanamichezo kwa kufuata panapouma na kinachoyachochea: yale ya misuli ya ndani ya paja, ya msuli wa kukunja nyonga, ya mfereji wa kinena, na ya mfupa wa kinena. Mbali na hayo kuna yatokayo ndani ya kiungo cha nyonga, kisha yale ya sababu nyingine zote.

Uzuri wa mgawanyo huo ni kwamba hauhitaji mashine. Mlaze mgonjwa chali, miguu ikiwa imenyooka, weka mkono wako kati ya vifundo vyake, kisha mwambie aubane kwa nguvu. Akisikia maumivu yake yaleyale ndani ya paja, karibu na mfupa, na mahali hapo pakauma pia ukipabonyeza, umepata tatizo la misuli ya ndani ya paja, ambalo ndilo huonekana zaidi kwa wacheza mpira. Maumivu yakiwa juu kidogo, kwenye mfereji wa kinena, yakachochewa na kukohoa au kuinua kiwiliwili kutoka chali, na ukipapasa husikii ngiri yoyote, hilo nalo lina jina lake katika mgawanyo wa Doha, na jina hilo si ngiri.

Maumivu ya ndani ya kiungo yana tabia yake. Huja mtu akikaa chini sana, akigeuka ghafla kwa mguu mmoja, akiingia garini au akichuchumaa. Wengine husikia kitu kikialika au kikinasa. Sababu moja inayojulikana ni mgongano wa mifupa: ama shingo ya mfupa wa paja ina kinundu, ama ukingo wa kikombe umezidi kufunika, basi nyonga ikikunjwa sana mfupa hugota ukingoni na kuibana pete ya gegedu. Ipo pia hali ya kinyume, yaani kikombe kisicho na kina cha kutosha, ambapo kichwa huchezacheza. Kipimo cha mgongano ni rahisi: mgonjwa akiwa chali, nyonga hukunjwa hadi nyuzi 90, paja likasogezwa kuelekea upande wa pili, kisha unyayo ukazungushwa kwenda nje. Kisipouma, uwezekano kwamba kiungo ndicho chanzo hupungua sana. Kikiuma, peke yake hakithibitishi lolote.

Magonjwa yasiyovumilia mazoezi

Sehemu hii ndiyo inayotutofautisha na wenzetu wanaoandika miongozo ya mazoezi wakiwa Ulaya na Marekani. Mtu mwenye umri wa miaka 25 anayeumwa kinena Copenhagen ana uwezekano mkubwa wa kuwa mchezaji aliyekaza msuli. Mwenye umri huohuo kwetu anaweza kuwa huyo, lakini pia anaweza kuwa na selimundu.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Chembe za damu zilizojikunja mfano wa mundu huziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, na sehemu ya mfupa hufa. Mwanzoni eksirei huweza kuwa safi kabisa. Mgonjwa wa namna hiyo akipewa mazoezi ya kuruka na kubeba uzito, kichwa kilichodhoofika kinaweza kubonyea, na hapo nyonga ya mtu mwenye miaka 20 inakuwa kama ya mzee. Ugonjwa huohuo wa mfupa kufa huwapata pia watu waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, wanywaji wa pombe kupita kiasi, na huonekana zaidi kwa watu wanaoishi na VVU kuliko kwa wengine. Basi maswali hayo manne yaulizwe kwa kila mgonjwa, bila aibu na bila kumhukumu.

Kifua kikuu hakikai kifuani tu. Nyonga inayouma kwa wiki nyingi, ikikakamaa polepole, kwa mtu anayekonda na kutokwa jasho usiku, ichunguzwe kwa ajili hiyo. Kikiwa katika pingili za mgongo, usaha wake huweza kuteremka ndani ya ala ya msuli wa kukunja nyonga hadi kinenani. Mgonjwa huja amekunja paja na kukataa kulinyoosha, na asiyejua hudhani ni msuli uliokaza.

Kwa watoto kanuni ni kali zaidi. Mtoto mwenye homa asiyetaka kukanyagia mguu ana usaha ndani ya kiungo hadi ithibitike vinginevyo, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kijana wa kati ya miaka 10 na 16, hasa mnene, anayechechemea na kulalamika goti huku goti lenyewe halina kasoro, apigwe picha ya nyonga, kwani kichwa cha mfupa wake huenda kimeteleza kutoka shingoni. Huyo hatakiwi hata kutembea hadi aonwe na daktari wa mifupa.

Mkimbiaji wa masafa marefu, au kijana aliyeingia mafunzo ya kijeshi na kuanza ghafla kukimbia kila alfajiri, akipata maumivu ya kinena yanayozidi kwa kila hatua, adhaniwe kuwa na ufa katika shingo ya mfupa wa paja. Ufa huo ukipuuzwa huweza kuwa mvunjiko kamili. Yapo hatimaye ya saa chache: korodani iliyojisokota, ngiri ya kweli iliyonasa na kukataa kurudi, mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, kidole tumbo. Hayo hayapelekwi kwa fiziotherapia wala kusubiri kesho.

Picha na mtu

Kinyume cha kosa la kutopima ni kosa la kuamini picha kuliko mtu. Kipimo cha MRI kinapatikana sasa katika miji yetu mikubwa kwa mwenye fedha, na majibu yake huandikwa kwa maneno ya kutisha: pete ya gegedu imechanika. Mgonjwa huyasoma, huyatafuta katika simu yake, na kuanzia siku hiyo hutembea kama aliyebeba yai.

Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa watu 45 waliojitolea, wenye wastani wa miaka 38 hivi, ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya nyonga. Walipopigwa MRI, asilimia 69 walionekana kuwa na mpasuko wa pete hiyo. Yaani kati ya watu watatu wanaotembea bila shida, wawili wangeweza kupewa karatasi hiyohiyo ya kutisha. Ndiyo maana makubaliano ya Warwick ya mwaka 2016 kuhusu mgongano wa nyonga yanataka mambo matatu yapatikane kwa pamoja: maumivu anayoyaeleza mgonjwa, dalili anazozikuta mpimaji, na umbo la mfupa katika picha. Picha yenye kinundu kwa mtu asiyeumwa ni umbo lake tu, kama alivyo na pua yake.

Kwa nini mazoezi, na mazoezi gani

Mchukulie mchezaji wa ndondo aliyeumia misuli ya ndani ya paja. Anapumzika wiki tatu na maumivu yanatulia. Anarudi uwanjani, na katika krosi ya kwanza maumivu yamerudi. Anapumzika wiki sita. Mambo ni yaleyale. Anahitimisha kwamba ugonjwa wake hauponi. Kilichotokea ni kwamba kila alipopumzika misuli na kano zake zilizidi kudhoofika, huku kazi ya uwanjani ikibaki na uzito uleule. Mtu aliyelala kitandani wiki sita hainuki akabeba gunia la mahindi. Hilo kila mtu analijua kuhusu mgongo na mikono, ila kuhusu kano ya kinena hatulifikirii.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana Denmark, katika utafiti uliochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 1999. Wanamichezo wanaume 68 wenye maumivu sugu ya misuli ya ndani ya paja waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa tiba ambayo mgonjwa hulala na kutendewa: kukandwa, miale ya leza, umeme wa kutuliza maumivu na kunyooshwa. Kundi la pili lilipewa mazoezi ya kuimarisha misuli na kusawazisha mwili kwa wiki 8 hadi 12. Kati ya waliomaliza, 23 katika 29 wa kundi la mazoezi walirudi michezoni bila maumivu. Katika kundi la kutendewa walikuwa 4 katika 30.

Ni zaidi ya miaka 25 tangu takwimu hizo zitoke, na bado katika idara nyingi mgonjwa wa kinena hulazwa chini ya taa ya joto kwa dakika 20, akakandwa, akarudishwa nyumbani. Siwalaumu wenzetu wa fiziotherapia, kwani mara nyingi mmoja huhudumia foleni ya watu wengi asubuhi moja, na wagonjwa wenyewe huona kwamba wasipoguswa hawakutibiwa. Joto na kukandwa hutuliza, wala si dhambi kuvitumia ili mgonjwa aweze kuanza zoezi. Tatizo ni vinapokuwa ndiyo tiba nzima.

Kwa msuli wa ndani ya paja ulio katika hali ya kuuma sana, anza na nguvu isiyo na mwendo. Mgonjwa alale chali, aweke mpira wa miguu kati ya miguu yake, aubane kwa sekunde 30, apumzike, arudie hadi mara 10. Kisha auweke kati ya magoti yaliyokunjwa na kufanya vivyo hivyo. Hivi ndivyo programu ile ya Denmark ilivyoanza, na haihitaji kifaa ambacho mtoto wa jirani hana. Siku 3 kwa wiki zinatosha. Siku za katikati ni za misuli kujijenga.

Baada ya wiki mbili hivi huanza mwendo. Alale ubavu na kuinua mguu wa juu, kisha mguu wa chini, mara 10 kwa mikupuo 3. Alale chali, akunje magoti, ainue kiuno, kwanza kwa miguu miwili na baadaye kwa mmoja. Asimame, afunge kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye mguu wa meza nzito na kwenye kifundo chake, avute paja ndani, nje, mbele na nyuma. Mguu anaousimamia hufanya kazi kubwa kuliko anaouvuta, kwa hiyo pande zote mbili zifanyiwe mazoezi hata kama unauma mmoja tu. Kuanzia wiki ya tano au ya sita apande na kushuka kidato akiwa ameshika dumu la lita 5 lililojaa maji, ambalo ni kilo 5. Likiwa jepesi, achukue mawili. Apige nusu-squat kwa mguu mmoja mbele ya kioo, akiangalia goti lisianguke ndani wala kiuno kisiiname upande mmoja. Kasoro hiyo ya kiuno kuinama huonesha kwamba misuli ya makalio ni dhaifu, na kwa mwenye maumivu ya ndani ya kiungo kuiimarisha ndiyo nusu ya tiba.

Zoezi la mwisho, kwa wanamichezo, limepewa jina la jiji la Copenhagen. Mchezaji hulala ubavu akiegemea kiwiko. Mwenzake humshikilia mguu wa juu kwenye usawa wa kiuno. Naye huinua mwili mzima kwa nguvu ya paja hilo huku mguu wa chini ukipanda kuufuata. Ni gumu, na aliyeanza tiba jana asilijaribu. Lakini kama kinga lina thamani kubwa: katika utafiti wa wachezaji wa mpira nchini Norway uliochapishwa mwaka 2019, timu zilizofanya programu iliyojengwa juu ya zoezi hili zilipunguza hatari ya matatizo ya kinena kwa asilimia 41. Walimu wa timu za mitaa wangeliweka katika kupasha mwili moto, gharama yake ni dakika chache.

Swali ambalo kila mgonjwa huuliza ni hili: nikiumia katika zoezi, niache? Jibu liwe la namba. Katika kipimo cha 0 hadi 10, maumivu yasiyozidi 3 wakati wa zoezi yanakubalika, alimradi yawe yamerudi katika kiwango chake cha kawaida kesho yake asubuhi. Yakizidi hapo, au asubuhi ikiwa mbaya kuliko jana, usiache. Punguza uzito au idadi, kisha endelea. Mgonjwa aandike namba hiyo katika daftari kila siku ya zoezi. Daftari hilo litamfaa kuliko kumbukumbu, kwa kuwa maumivu ya jana husahaulika na ya leo huonekana makubwa daima.

Neno kuhusu kunyoosha. Wengi wakiumwa kinena hujivuta, wakipanua miguu hadi machozi yatoke. Kwa mwenye mgongano wa mifupa, kuikunja na kuipindua nyonga hadi mwisho ni kuirudisha mahali panapoibana. Kwa mwenye kano iliyochokozwa, kuivuta huzidisha uchokozi. Imarisha kwanza, ulaini hufuata.

Nyumbani na kazini

Mazoezi ya siku 3 hayawezi kushinda tabia za siku 7. Mwenye maumivu ya ndani ya kiungo aangalie mambo anayoyafanya nyonga ikiwa imekunjwa kupita kiasi. Mama anayekuna nazi akiwa ameketi juu ya mbuzi, magoti yakiwa juu ya usawa wa kiuno, yuko katika mkao uleule tunaotumia kuchochea maumivu katika chumba cha uchunguzi. Aifunge mbuzi kwenye benchi refu zaidi, au kazi hiyo ifanywe na mwingine kwa wiki chache. Kigoda kipandishwe. Choo cha kuchuchumaa kinaweza kuwekewa kiti cha mbao kilichotobolewa. Mwislamu anayeumia katika kusujudu na kukaa tahiyatu anajua kwamba dini imempa mgonjwa ruhusa ya kuswali akiwa ameketi, na mhudumu asisite kumkumbusha kwamba ni kwa muda. Dereva wa bodaboda ashuke na kutembea kidogo kati ya abiria na abiria. Haya hayaachwi milele. Kadiri misuli inavyopata nguvu, mengi hurudi.

Mjamzito anayeumwa mbele kwenye mfupa wa kinena na nyuma ya fupanyonga hana haja ya kuambiwa avumilie hadi ajifungue. Akae anapovaa nguo ya ndani, apunguze hatua ndefu, alale na mto kati ya magoti, na apewe mazoezi mepesi ya makalio na tumbo. Kama anaona damu au tumbo linakaza, hilo ni jambo jingine na liende kwa mkunga mara moja.

Wanawake wa miaka 40 hadi 60 wanastahili kutajwa peke yao. Wengi wao huumwa ubavuni mwa nyonga, juu ya ile nundu ya mfupa inayoshikika pembeni, hasa wakilalia upande huo usiku au wakisimamia mguu mmoja. Huambiwa ni kusagika kwa sababu ya umri na uzito, wakapewa diklofenaki kwa miezi, dawa ambayo kwa muda mrefu hudhuru tumbo na figo. Chanzo kwa kawaida ni kano za misuli ya makalio. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2018, wa wagonjwa 204, ulilinganisha mafunzo pamoja na mazoezi, sindano moja ya steroidi, na kusubiri tu. Baada ya wiki 8, waliojiona wamepata nafuu ya kuridhisha walikuwa takribani asilimia 77 kwa mazoezi, 58 kwa sindano, na 29 kwa waliosubiri. Mafunzo hayo yalihusu mambo madogo sana: usisimame umeegemea nyonga moja, usipandanishe miguu unapokaa, usimbebe mtoto ubavuni, usilalie upande unaouma. Kwa mama zetu na bibi zetu, kubeba mtoto ubavuni ni jambo la kila siku. Abebwe mgongoni, mbeleko ikiwa imekaza pande zote sawa.

Upasuaji na barua ya rufaa

Upo upasuaji wa kutumia kamera ndogo ambao hunyoa kinundu cha mfupa na kushona pete ya gegedu. Uingereza waliupima dhidi ya fiziotherapia kwa wagonjwa 348 wenye mgongano wa nyonga, katika hospitali 23, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Waliopasuliwa waliwazidi wenzao kwa wastani wa alama 6.8 katika kipimo cha alama 100 baada ya miezi 12. Tofauti hiyo ipo na si haki kuificha. Lakini fiziotherapia iliyotumika ilikuwa ya vikao 6 hadi 10 tu, kwetu upasuaji huo ni adimu na ghali, na anayeanza kwa mazoezi hajaufunga mlango wa kisu. Maoni yangu ni kwamba kuanza na mazoezi si tiba ya maskini aliyekosa upasuaji; ningemshauri hivyohivyo hata mwenye bima kubwa.

Kwa mhudumu anayeandika rufaa: barua yenye maneno mawili, "maumivu ya nyonga", humfanya mpokeaji aanze upya au, kibaya zaidi, aanze bila kupima. Andika umri na kazi ya mgonjwa, panapouma kwa kidole, maumivu yameanza lini na kwa tukio gani, kama ana selimundu au VVU na kama amewahi kutumia steroidi, kama kuna homa, kukonda au maumivu ya usiku, na kama anaweza kukanyagia mguu. Ambatanisha eksirei ya fupanyonga nzima, pande zote mbili, iwapo amewahi kupigwa. Mweleze mgonjwa kabla hajaondoka kwamba atapewa mazoezi wala si dawa, na kwamba wiki mbili za kwanza zinaweza zisioneshe tofauti. Wengi huacha hapo.

Naye mtaalamu wa fiziotherapia apime nguvu ya kubana siku ya kwanza, kisha wiki ya 6, na wiki ya 12. Nguvu ikipanda na maumivu yakashuka, programu iongezwe uzito na kuelekezwa kwenye kazi au mchezo wa mgonjwa. Nguvu ikipanda lakini maumivu yasishuke kabisa baada ya wiki 12 za mazoezi yaliyofanywa kweli, arudishwe kwa daktari wa mifupa kwa picha zaidi. Na wakati wowote katikati ya programu, akianza kuamshwa na maumivu usiku, akashindwa kukanyaga, au akapata homa, mazoezi yasimame siku hiyo na apimwe upya.